Sensa au madaftari ya parokia: kipi kitatufikisha kwa babu aliyetoka Ayalandi?

MamaWawili (Boston)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Wanangu wanaweza kuitaja nasaba ya upande wangu, Pangani, hadi kizazi cha tano bila kukwama, lakini upande wa baba yao, ambaye ni Mmarekani, habari zinaishia kwa babu mmoja wa ukoo wa Sullivan aliyefika Massachusetts wakati wa njaa kuu iliyoikumba Ayalandi miaka ya 1840 viazi vilipooza. Nimempata katika sensa za 1860, 1870 na 1880. Umri wake umeandikwa 30, kisha 42, kisha 57, na mahali alipozaliwa pameandikwa neno moja tu: Ireland. Je, niendelee kupekua sensa, au nigeukie kumbukumbu za mtaani na kanisani?

Mpekuzi

Usiziache sensa, dada, ila zisome ukijua kila moja iliuliza nini. Sensa ya Marekani ilianza kumtaja kila mtu huru kwa jina mwaka 1850. Ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, pamoja na mahali walikozaliwa wazazi wake. Na ya 1900 iliuliza mwaka wa kuhamia, miaka ya ndoa, na mama amezaa watoto wangapi na wangapi kati yao wako hai. Ile ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa Washington wa 1921, hivyo kuna pengo la miaka ishirini ambamo watoto wanakua, wanaoa na kutawanyika. Umri usikusumbue. Ayalandi ilianza kusajili vizazi vyote mwaka 1864, na waliozaliwa kabla ya hapo wengi walikisia tu. Mimi huliamini zaidi kundi la majina yanayohama pamoja kuliko tarakimu.

Katekista

Namheshimu ndugu Mpekuzi, lakini kwa swali hili sensa imekwisha maliza kazi yake. Kinachotafutwa ni parokia, na ikiwezekana kitongoji chenyewe, kwa sababu Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na akina Sullivan wamejaa Cork na Kerry. Karani wa serikali hakuhitaji kulijua hilo. Waliolijua na kulijali ni padri, mjane aliyeagiza jiwe la kaburi, na wasimamizi wa ubatizo. Hao wasimamizi waandike wote, mtoto kwa mtoto, kwa kuwa mara nyingi walikuwa ndugu au watu wa kwao. Tahadhari moja: madaftari mengi yameandikwa kwa Kilatini, na majina hubadilika. Watu wa Cork na Kerry walioitwa Diarmuid kwa Kiayalandi waliandikwa Jeremiah kwa Kiingereza, na wengine Darby, kwa hiyo Darby wa kwenye sensa anaweza kuwa Jeremias wa kanisani.

Mpekuzi

Hapo nakubali, ila si kila kumbukumbu ya mtaani ina utajiri huo. Hati za uraia za kabla ya 1906 zilitolewa na mahakama nyingi, kila moja kwa utaratibu wake, na mara nyingi hazisemi zaidi ya ile Ireland tuliyoichoka.

BintiLamu (Dublin)

Niongeze ya upande huku. Sensa za Ayalandi za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote katika moto wa hifadhi ya nyaraka ya Dublin mwaka 1922, na zile za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Zilizosalia kamili ni za 1901 na 1911, ambazo zinasomwa bure mtandaoni na zitakufaa kwa ndugu waliobaki nyumbani. Kwa mtu aliyeondoka wakati wa njaa unabaki na uthamini wa ardhi wa Griffith wa 1847 hadi 1864, unaowataja waliomiliki au kupanga ardhi na nyumba, na madaftari ya parokia za Kikatoliki ambayo Maktaba ya Taifa iliyaweka wazi mwaka 2015. Madaftari hayo yamepangwa kwa parokia. Bila jina la parokia utazama humo.

MamaWawili (Boston)

Nawashukuru sana. Nimeufungua tena ukurasa wa 1860, na chini ya watoto wote nimemwona mama wa miaka 60, Honora, ambaye nilimruka kwa kuwa jina lake la ukoo si Sullivan. Sensa ile haisemi ni mkwe au mpangaji tu. Massachusetts ilikuwa ikisajili ndoa tangu 1841, kwa hiyo Jumatatu naanza na cheti cha ndoa ya babu, nione kama jina la ukoo la wazazi wa bibi harusi ni hilo la Honora, kisha niende parokiani kuwatafuta wasimamizi.