Nunu habaki peke yake na mjomba wake

Alhamisi usiku, kikundi cha familia

Mama Mkubwa: Habari za jioni wanangu. La Jumamosi limekwisha. Asha, nimeongea na Kassimu, atakuja kukaa na Nunu mpaka utoke kazini. Kijana anashinda bure tu, na mtoto ni wa dada yake.

Zuhura: Afadhali, maana mimi Jumamosi nina mtihani.

Mama Nunu: Shikamoo Mama Mkubwa. Ahsante kwa kunihangaikia. Ila Kassimu hapana. Nitatafuta njia nyingine.

Mama Mkubwa: Marahaba. Hapana kwa nini?

Mama Nunu: Nitakupigia Mama, tuongee sisi wawili.

Mama Mkubwa: Unipigie kuna siri gani? Humu wote ndugu. Mtoto wa watu ametoka soba hausi, kule wanakosaidiwa walioacha dawa za kulevya, dawa anakunywa, mwili umerudi, asubuhi anaamka mwenyewe. Mnataka afanye nini tena ndipo mumwone mtu?

Kaka Hamisi: Mama Mkubwa, Kassimu mwenyewe yumo humu. Tuyaangalie maneno yetu.

Mama Mkubwa: Yumo na asome. Mimi sijamsema vibaya. Anayemkataa ndiye ajieleze.

Mama Nunu: Haya. Kwa kuwa limeshamwagwa hapa, nitalijibia hapa.

Mama Nunu: Kassimu mdogo wangu, najua utasoma. Sikutaka ulikute hivi. Kwangu ni kwako, siku yoyote, usiku wowote. Ninachokataa ni kimoja: Nunu abaki na wewe peke yenu ndani, mimi niko kazini na simu iko kwenye kabati. Hicho tu.

Mama Mkubwa: Hayo maneno ya mumeo.

Baba Nunu: Shikamoo Mama. Tuliamua wote wawili, kabla hata Kassimu hajaenda kutibiwa. Angekuwa mdogo wangu mimi, jibu lingekuwa hilohilo.

Mama Mkubwa: Yaani utamlipa mgeni akulelee mtoto, ndugu yako wa tumbo moja umkimbie. Marehemu mama yenu angekuwepo hili lisingesemwa.

Kaka Hamisi: Mama, tafadhali. Marehemu tumwache.

Mama Nunu: Nitasimulia jambo ambalo analijua Baba Nunu peke yake. Nunu alikuwa hajaanza hata kutambaa. Nilimpa Kassimu ampe maziwa, nikatoka kuanua nguo. Uani tu, si mbali. Nimerudi namkuta Kassimu amekaa kwenye kochi, kidevu kimegusa kifua, mdomo wazi. Chupa bado ameishika, lakini chuchu imetoka mdomoni kwa mtoto, maziwa yanamtiririka sikioni na shingoni. Kichwa cha Nunu kimeteleza, kimeingia katikati ya kiwiko cha Kassimu na mto wa kochi. Na mtoto halii. Ametulia, ananitazama tu.

Mama Nunu: Nikamwita Kassimu, nikamtikisa. Akafumbua macho akaendelea na sentensi aliyokuwa ananiambia kabla sijatoka, kama vile sikuwahi kuondoka.

Zuhura: Dada Asha.

Kaka Hamisi: Hili hukuniambia.

Mama Nunu: Ningekuambia, ungempiga.

Wifi Zawadi: Nilikuwa zamu, ndiyo naziona sasa. Wifi, pole sana. Mama, naomba niseme kama muuguzi, siyo kama mke wa Hamisi. Kule kusinzia siyo uchovu. Unga, yaani heroini, unaipunguza kasi fahamu, na pumzi pia. Mtu anaweza kukuitikia, anaweza hata kucheka, sekunde inayofuata hayupo. Na kitoto kikishabanwa uso kwenye kochi hakina nguvu ya kujigeuza. Kinaweza kuishiwa pumzi kimya kimya, bila kilio cha kukuita.

Mama Mkubwa: Zawadi, hiyo ilikuwa enzi za unga. Sasa hivi hatumii tena. Anakunywa methadoni.

Kaka Hamisi: Na mimi niulize bila kumuudhi mtu. Methadoni si ndiyo unga uleule, ila umebadilishwa jina?

Wifi Zawadi: Hapana, na hilo tusilirudie humu maana ndilo linalowafanya watu waache dawa kwa aibu. Zote ziko kwenye kundi moja, ndiyo. Lakini unga unapanda ghafla na kushuka ghafla, saa chache tu mtu yuko kwenye arosto: jasho, kuhara, mwili wote unauma, akili haina jingine ila kete ya pili. Methadoni inakwenda taratibu, inashikilia kutwa nzima na zaidi. Mtu anakula, analala, anaweza kwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Kassimu anatibiwa kama anavyotibiwa mwenye kisukari. Kwa hilo nampa heshima yake yote.

Mama Mkubwa: Umeona Asha? Muuguzi mwenyewe anasema.

Wifi Zawadi: Sijamaliza Mama. Mtu kuwa kwenye tiba na mtu kuwa tayari kukaa na mtoto wa mwaka na nusu peke yake ni mambo mawili. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, hata kwa mtu mwenye nia safi kabisa. Aliyekatisha dawa kisha akarudia unga, mwili umeshasahau, kile kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Anayekunywa methadoni akaongezea pombe au vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kukatika akiwa amelala. Kope hazifunguki, midomo inageuka rangi, anakoroma vibaya kisha ananyamaza.

Wifi Zawadi: Ipo dawa ya kumrudisha, naloxoni. Ya sindano ipo, ya kupuliza puani ipo. Nimeshaona mtu tuliyekwisha kumkatia tamaa anaamka na kukaa. Lakini nguvu yake ni kama dakika 30 mpaka 90 tu, kwa hiyo bado lazima afikishwe hospitali. Na aliyezidiwa hawezi kujipa mwenyewe. Lazima pawe na mtu mzima pembeni. Jumamosi, mtu wa pembeni angekuwa Nunu.

Zuhura: Bibi yuko hapa, nimemsomea zote. Nawaandikia anavyosema.

Zuhura: Bibi anasema: "Nimewasikia nyote. Sijasikia mtu aliyemuuliza Kassimu kama anataka."

Mama Mkubwa: Mama, mimi niliongea naye.

Zuhura: Bibi anasema: "Uliongea naye au ulimwambia?"

Kassimu: Nipo. Nimesoma tangu ya kwanza.

Kassimu: Shikamoo Bibi. Shikamooni wote.

Kassimu: Niliambiwa Jumamosi nenda kwa dada yako ukakae na mtoto. Nikasema sawa. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyenipa jambo la kufanya. Hata kutumwa dukani mtu anahesabu chenji mbele yangu.

Kassimu: Lakini dada Asha, la chupa ungenieleza mimi kwanza. Mimi silijui hilo. Nasoma pamoja na Zuhura na wengine kama habari ya mtu mwingine.

Mama Nunu: Nilikueleza Kassimu. Siku ileile. Ulilia, ukamshika Nunu mguu ukamwomba radhi.

Kassimu: Silikumbuki.

Mama Nunu: Najua.

Kaka Hamisi: Kassimu, upo?

Kassimu: Nipo kaka.

Kassimu: Shemeji, dawa yangu nakunywa palepale dirishani mbele ya muuguzi. Ya kwenda nayo nyumbani sipewi bado. Nasema ili asije mtu akafikiri naweza kuiacha ovyo mtoto akaiokota.

Wifi Zawadi: Vizuri kwamba umelisema. Na siku utakapopewa ya nyumbani, iwe kwenye kisanduku chenye kufuli, juu, na isimiminwe kwenye kikombe wala chupa ya kinywaji hata kwa dakika moja. Kipimo kinachokuweka wewe sawa kutwa nzima kinaweza kumuua mtoto mdogo. Ya maji ina utamu, na mtoto anaonja kila kitu.

Kassimu: Nimeelewa.

Mama Mkubwa: Mimi naona mnamvunja moyo tu. Mtu anajitahidi, mnamwekea kufuli na masharti. Akirudia unga msiseme sikuwaambia.

Kaka Hamisi: Mama Mkubwa, hilo ndilo linaloniogopesha. Tukimpa mtoto ili asirudie unga, mtoto ndiye anakuwa dawa. Likiharibika, Nunu ameumia, na Kassimu hatajisamehe maisha yake yote. Tutakuwa tumewapoteza wawili kwa siku moja.

Mama Mkubwa: *Ujumbe huu umefutwa*

Zuhura: Bibi anauliza umefuta nini, mama.

Mama Mkubwa: Mwambie Bibi nimefuta cha kufutwa.

Kassimu: Dada, mpaka lini?

Mama Nunu: Tarehe sina, mdogo wangu. Nikikutajia mwezi nitakuwa nakudanganya, na wewe umeshadanganywa vya kutosha, hasa na watu waliokuwa wanakupenda.

Mama Nunu: Ninachokijua ni hiki. Uje nikiwa nipo. Uje mara nyingi. Umlishe, umwogeshe, ucheze naye chini mpaka mchoke, mimi niko hapohapo nafanya shughuli zangu. Yeye akuzoee, na mimi nikuzoee hivi ulivyo sasa, maana wa zamani bado ninaye kichwani. Na siku ukijisikia umeamka vibaya, uniambie "leo siji". Usinieleze sababu. Siku utakayoniandikia hivyo nitakuamini zaidi kuliko siku zote ninazoambiwa na watu kuwa mwili umerudi.

Kassimu: Na ukiniona nimesinzia kwa usingizi wa kawaida tu? Methadoni nayo inaleta usingizi, hasa wakikupandishia kipimo.

Mama Nunu: Nitamchukua mtoto, nitakufunika shuka. Ukiamka tutaongea.

Wifi Zawadi: Na ukipandishiwa kipimo mwambie dada yako siku hiyohiyo. Hiyo siyo aibu, ni taarifa.

Baba Nunu: Kassimu, na mimi niseme moja. Tangu umeanza tiba sijakupigia simu hata kukuuliza hali, na hilo halikuhusu mtoto hata kidogo. Kesho nikitoka kazini napita kwako.

Kassimu: Karibu shemeji.

Mama Mkubwa: Haya. Nimewaelewa, ila sijapendezwa, na nalisema wazi. Kassimu, kama nilikusukuma usipotaka, ungeniambia.

Kassimu: Nilitaka, Mama Mkubwa. Na niliogopa. Usiku nilikuwa nawaza akilia na mimi kichwa kimevurugika nitafanya nini. Nikasema nikikataa mtasema ameshaanza tena.

Zuhura: Bibi anasema: "Hilo ndilo nililolitaka."

Mama Nunu: Niseme na jingine, na hili ni la wote, siyo la Kassimu. Mtoto akiwa kwa Bibi, au kwa Hamisi, au popote, asikabidhiwe kwa mtu wa tatu kabla mimi au baba yake hatujaulizwa. Hata iwe dakika tano, hata iwe ni kwenda kwa jirani. Nikisikia "nilimwachia fulani kidogo", hatarudi hapo. Nawapenda nyote, nalisema hivyohivyo.

Zuhura: Sawa dada. Bibi naye ameitikia kwa kichwa.

Mama Mkubwa: Nimesoma.

Kaka Hamisi: Jumamosi mleteni kwangu asubuhi. Nipo mpaka saa tisa alasiri, Zawadi anatoka zamu saa nane, kwa hiyo hapatakuwa na pengo. Niambieni analala saa ngapi mchana.

Baba Nunu: Saa saba, akishakula. Akigoma, mbebe begani utembee naye, usikae. Nguo na dawa yake ya kikohozi nitavileta mwenyewe.

Kaka Hamisi: Limekwisha.

Kassimu: Dada, Jumapili upo?

Mama Nunu: Nipo kutwa.

Kassimu: Nikitoka kunywa dawa nitapita. Saa nne, au nne na nusu, foleni ya dirishani huwa ndefu.

Mama Nunu: Njoo. Nimwambie Nunu?

Kassimu: Usimwambie bado. Nisije nikashindwa akakaa anangoja.

Mama Nunu: Simwambii. Ukishindwa nitumie neno moja tu.

Kassimu: Sawa.