Naomba ushauri: nimepunguzwa tumbo, mama mkwe hanielewi

Hamjambo wapendwa. Niko Kondele, Kisumu. Mwaka huu nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Hukatwa karibu asilimia 80, unabaki mwembamba kama ndizi. Niliamua kwa sababu ya kisukari na magoti, baada ya miaka ya dawa na kujinyima. Sukari imeshuka, namshukuru Mungu.

Shida ni mezani. Mama mkwe huniandalia ugali na samaki mzima, nami nikiacha baada ya matonge mawili matatu ananuna, anaona nadharau mkono wake. Nikijilazimisha, kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, natapika. Inaniumiza, maana ananipenda kweli.

Hospitalini niliambiwa nitangulize protini, nisinywe maji nikila, na vitamini nimeze maisha yote. Mayai yamenichosha. Omena zikisagwa kwenye mchuzi zinapita vizuri. Nywele zinatoka nikichana, ila daktari anasema zitarudi.

Mliopitia haya, mlimwelezaje mzazi bila kumvunjia heshima? Na protini gani nyingine ya bei nafuu pale soko la Kibuye iliwakaa tumboni?