Kuingiza data za vihisi vya megahezi 433 katika GNU Radio

mkulima433:
Wanajukwaa, salaam. Shambani nina vihisi vitatu vya joto na unyevu vinavyorusha vipimo kwa megahezi 433.92, nami nimeunganisha chipu ya redio ya CC1101 na ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi) ili kuvipokea. ESP32 hupeleka baiti zilizopokewa kwenye kompyuta yangu kwa UDP kupitia Wi-Fi. Ndani ya GNU Radio, programu ya kuchakata mawimbi ya redio kwa kuunganisha bloku, nimeweka bloku ya UDP Source, nikachagua aina ya "complex", kisha nikaiunganisha na dirisha la kuchorea masafa. Nilitarajia kuona mnara kila kihisi kinaporusha. Badala yake mchoro hushtuka pakiti inapoingia, hujaa kelele, kisha huganda mpaka pakiti nyingine ifike. Nimegeuza mpangilio wa baiti mara kadhaa bila mafanikio. Kosa langu liko wapi?

antena_ya_bati:
Ndugu mkulima, mpangilio wa baiti hauna hatia. CC1101 imeshamaliza kazi unayotaka GNU Radio iifanye: imelipokea wimbi, imelichuja, imetenga biti na wimbi lililozibeba, na kilichokufikia ni ujumbe tu. Umbo la wimbi halimo tena katika baiti hizo, na hakuna bloku itakayolirudisha, kama vile aliyepewa barua iliyopigwa chapa asivyoweza kuutambua mwandiko wa aliyeitunga.

UDP Source, ikiambiwa "complex", huhesabu kila baiti 8 kuwa sampuli moja ya I na Q (sehemu mbili zinazoeleza wimbi), yaani namba mbili zenye biti 32 kila moja. Pakiti ya baiti 16 inageuka sampuli mbili zisizo na maana yoyote. Isitoshe, bloku za mkondo huchukulia kwamba sampuli zimepishana kwa muda ulio sawa, ilhali vihisi vyako huzungumza kwa sekunde chache na kunyamaza. Ndiyo maana mchoro unaganda.

Ukitaka ujumbe wenyewe uingie, tumia bloku ya Socket PDU, uiweke kama seva ya UDP, na matokeo yake uyapeleke kwenye Message Debug, bloku inayoonyesha ujumbe kwenye skrini. Hiyo hushughulikia ujumbe mmoja mmoja, wala haihitaji kasi ya sampuli. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kama shabaha ni kusoma joto tu, GNU Radio ni shoka la kukatia mchicha.

mkulima433:
Nashukuru sana, nimeelewa. Socket PDU imefanya kazi na baiti zinaonekana. Lakini nilitaka pia kuliona wimbi, kwa sababu kihisi kimoja hupotea nyakati za jioni na ninashuku kuna kifaa kingine kinachokifunika.

mzee_wa_masafa:
Hapo unahitaji kifaa kinachotoa sampuli. Chomeka RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio cha USB, kwenye Raspberry Pi iliyo karibu na antena, uendeshe rtl_tcp, programu inayopeleka sampuli zake kupitia mtandao, na usisahau kuipa "-a 0.0.0.0", kwani bila hivyo husikiliza ndani ya mashine yake peke yake. Mlango wake (port) wa kawaida ni 1234. Katika GNU Radio weka osmocom Source yenye hoja "rtl_tcp=anwani:1234", nayo itabadilisha sampuli yenyewe. Ukiamua kusoma TCP moja kwa moja, ruka baiti 12 za mwanzo, zinazoanza na "RTL0", kisha toa 127.5 kwa kila baiti na ugawanye kwa 127.5, maana sampuli ni namba za biti 8 zisizo na alama ya hasi.

Angalia pia mzigo wa Wi-Fi. Kila sampuli ni baiti 2, kwa hiyo sampuli milioni 2.4 kwa sekunde ni megabiti 38.4, na mtandao dhaifu utazidondosha. Kwa vihisi vyako sampuli 250,000 zinatosha, yaani megabiti 4 tu. Bloku ya Throttle, inayozuia mwendo wa sampuli, iondoe kabisa. Saa ya RTL-SDR ndiyo inayopanga mwendo.

mkulima433:
Kwa sampuli 250,000 mchoro umetulia, na minara ya vihisi vyote mitatu inaonekana. Ila nikiwasha rtl_433, programu ya kusoma ujumbe wa vihisi, kwa anwani hiyohiyo, haipati chochote.

mzee_wa_masafa:
rtl_tcp humhudumia mteja mmoja kwa wakati mmoja. Funga GNU Radio kwanza, au hifadhi sampuli za jioni katika faili lenye jina kama "jioni_433.92M_250k.cf32", rtl_433 husoma masafa na kasi kutoka katika jina hilo, nawe utailinganisha na mchoro kwa nafasi yako.