Hajui kusoma hadi darasa la tatu: aandikwe kwenye orodha ahamishwe, au asaidiwe hapohapo alipo?

Mzazi wa Pasua
Wadau wa Moshi na Arusha, habari za jioni. Hoja hii naileta hapa kwa kuwa kikao cha wazazi kiliishia kwenye makelele na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Shuleni kwa wanangu (ni ya serikali, sitaitaja) mwalimu mkuu ametangaza kwamba wanafunzi wote wa darasa la tatu wasiojua kusoma wataandikwa majina, orodha iende kwa afisa elimu, wapimwe, na watakaobainika kuwa na mahitaji maalumu wahamishiwe shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Nusu nyingine ikaanza kuulizana nani yumo na nani hayumo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kujua mtoto anakwama wapi ni lazima, tena tumechelewa. Ninachopinga ni orodha ambayo kazi yake ya kwanza ni kuhamisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya serikali au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Na hawa wa kwenye orodha, wengi hatujui hata kama wana ulemavu wowote. Tunachojua ni kwamba hawasomi, basi.

Nilimkalisha mmoja wao, mtoto wa jirani, na kitabu cha darasa la kwanza. Akanisomea ukurasa mzima bila kukwama, na sauti anaipandisha na kuishusha vizuri kabisa. Nikamfungulia ukurasa mwingine, picha nimeiziba kwa kiganja. Akaendelea na hadithi ileile ya ukurasa wa kwanza! Mtoto ana kumbukumbu ya ajabu, na ndiyo imemvusha madarasa mawili bila mtu kushtuka. Huyu akibadilishiwa shule ndipo atajua kusoma?

Mji wetu una hospitali ya rufaa ya KCMC, na hapo wanafundishwa wapimaji wa macho na wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku. Shika barabara ya Arusha, ukifika Tengeru unakikuta Chuo cha Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Iweje mtoto ndiye azungushwe na barua mkononi, badala ya mtaalamu kuja shuleni muhula wa kwanza wa darasa la kwanza?

Karibuni, tupingane kwa hoja.

Mwalimu, Ngarenaro
Mzazi mwenzangu, umeandika vizuri ila inaonekana hujawahi kusimama mbele ya darasa kama langu. Nafundisha darasa la pili. Kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Wangu wamepita mia, dawati moja wanabanana wanne. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wamekuja shule, na hilo ni jambo jema kabisa. Walimu na vyumba ndivyo havikuja kwa kasi hiyo.

Msidhani hatuwatambui. Kufika mwezi wa nne nawajua wote. Waimbishe ma-me-mi-mo-mu, darasa zima linaimba hadi barabarani wanasikia. Kisha andika mo peke yake, halafu mu, halafu ma, umnyooshee kidole mmoja mmoja: hapo ndipo unawaona wanaotazama midomo ya wenzao. Wapo ambao b na d kwao ni herufi moja. Yupo mwenye mwandiko msafi kuliko wote, ukiandika ubaoni ananakili hata nukta haachi, lakini mpe imla ya neno "kiti" anakuchorea vijiti.

Kwa hiyo kutambua tunatambua. Ugumu unaanza baada ya hapo. Kipindi ni dakika 30. Zigawe kwa watoto mia, uniambie kila mmoja anapata nini. Mwalimu mkuu wako namwelewa, anatafuta wa kumpokea mzigo.

Baba wa Wawili, Njiro
Nitasema ambacho wengine wanakimeza. Mwanangu yuko darasa la tatu, anasoma vitabu vya darasa la tano, na kila siku anakaa anasubiri wenzake wamalize silabi. Yeye nani anampima mahitaji yake? Watenganishwe, kila kundi lipate mwalimu wake. Shule binafsi zinafanya hivyo na zinafaulisha.

Mzazi wa Pasua
Kaka, shule nyingi za aina hiyo hazitenganishi, zinachuja. Mtoto wa miaka sita anafanyiwa usaili kwa kalamu na karatasi kabla hajapokelewa. Akilegea madarasa ya juu, mzazi anaitwa ofisini, anakaribishwa soda, anashauriwa kwa upole amtafutie mtoto mazingira mengine. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini mabango ya "tumefaulisha wote" yangali yananing'inia. Wote wepi? Waliobakizwa!

Kuhusu mwanao nakubaliana nawe. Naye ana mahitaji tofauti, na ni haki yake kupewa kitu cha kusoma badala ya kusubiri.

Baba wa Wawili, Njiro
Kwenye usaili umenipata. Kwenye kitu cha kusoma bado. Darasa la watu mia halina hata vitabu vya kutosha vya darasa hilohilo.

Bibi wa Kiboriloni
Wanangu, nimewasoma wote, hamjambo. Mimi nina mjukuu aliyekuwa akiitwa mkaidi. Anaitwa, haitiki. Anaulizwa, anajibu kitu kingine kabisa. Amechapwa kwa hilo, na shule siitaji kwa sababu leo nazungumzia mtoto, sizungumzii shule.

Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu mdogo, yanakauka, yanarudi tena. Majirani wote walisema ni ya utoto, yataisha. Hospitali wakakuta ngoma ya sikio moja imetoboka na la pili halisikii vizuri. Wakampa dawa, na mwalimu wakampa maelekezo ya mistari michache: akae mbele, sikio zuri liwe upande wa mwalimu, na mwalimu asiongee akiwa ameelekea ubaoni. Hakuhamishwa popote. Nusu ya maneno alikuwa hayapati, sasa anayapata, na kusoma kumeanza kuja.

Naomba nijibiwe: ile orodha ingeandika nini mbele ya jina lake? "Hajui kusoma," si ndiyo?

Kijana wa Monduli
Shikamoo bibi. Niongeze ambacho hakuna aliyekigusa. Mimi nilianza darasa la kwanza najua Kimaasai tu. Mwalimu akisema "simameni" nilikuwa nasubiri wenzangu wasimame ndipo nami nisimame. Ningepimwa mwezi ule kwa Kiswahili wangeniandika mgonjwa wa akili, na kwa karatasi ile hakuna ambaye angewabishia. Leo nashika vitabu vya hesabu vya kampuni hapa Arusha mjini.

Na msiseme ni sisi wa porini tu. Subirini kidato cha kwanza. Mtoto aliyefanya vizuri darasa la saba kwa Kiswahili anakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote kwa Kiingereza, ananyamaza ghafla, wanaanza kumwita mzito. Wanaotaka kupima watuambie kwanza: kipimo kitafanyika kwa lugha ipi, na mpimaji anajua lugha anayoongea mtoto nyumbani?

Mpita Njia, Namanga
Hapo ng'ambo Kenya wana vituo vya kutathmini watoto tangu 1984. Sisi bado tunabishana kama wapimwe. Haya.

Mwalimu wa elimu maalumu, Usa River
Heshima zenu wote. Nimesomea Patandi, na humu naona watu wanapigana na kivuli. Ndugu wa Namanga, hata Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unazungumzia vituo vya upimaji na usaidizi. Kwenye karatasi tunakubaliana.

Utambuzi unaofaa haufanywi siku moja kwa karatasi moja. Kazi inaanza kwa mwalimu wa darasa: mtoto anakosea nini hasa, kwenye masomo yote au kusoma tu, asubuhi na mchana pia, anatoka nyumba inayoongea lugha gani, anahudhuria, amekunywa hata chai? Macho na masikio yanaangaliwa kabla ya kutamka neno akili. Ipo chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na kule. Mtoto anasimama mita sita, anaonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Hahitaji kujua hata herufi moja, na mwalimu aliyeelekezwa anaweza kuifanya kazi hiyo kwenye baraza la shule. Kijana wa Monduli, vidole havina Kiswahili wala Kimaasai. Baada ya hapo mwalimu anabadilisha namna ya kumfundisha kwa wiki kadhaa na kuandika matokeo. Akigoma kusogea ndipo anapelekwa mbele.

Ninapotofautiana na mwenye hoja ni kwenye kuogopa majina. Baraza la Mitihani linawapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Wenye uoni hafifu wanapata maandishi yaliyokuzwa, wasioona wanapata nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole. Haki hiyo msimamizi haitoi kwa huruma asubuhi ya mtihani. Lazima shule iwe imemsajili mtoto mapema. Nimeona wazazi wakificha tatizo wakidhani wanamlinda mtoto, kumbe wanamnyang'anya dakika zake.

Na kitengo msikiite jela. Nendeni Shule ya Msingi Mwereni hapo Moshi, wasioona wanasoma shule moja na wanaoona. Mtoto anayehitaji nukta nundu, kumwacha shule isiyo na mashine wala mwalimu anayeisoma ni kumtelekeza, hata mkiita ujumuishi.

Niseme na la moyoni. Nina cheti cha elimu maalumu, na ratiba yangu inasema Sayansi darasa la sita, shule isiyo na kitengo. Tangu nifike hakuna aliyeniuliza nimesomea nini. Kabla halmashauri hazijahesabu watoto wa kuhamisha, zihesabu walimu wa aina yangu tuko wapi na tunafanya nini.

Mzazi wa Pasua
Mwalimu, heshima yako. Hoja ya dakika nitaisema kikaoni neno kwa neno, na ya Mwereni sina ubishi nayo, maana hata sheria imewaacha nje wanaohitaji mawasiliano maalumu. Lakini orodha yetu haina mtoto asiyeona. Ina watoto wanaoona, wanatembea, wanacheza mpira, na herufi hazishiki. Hao kitengo gani kinawasubiri?

Kwa hiyo nitakwenda na hili. Macho na masikio yaangaliwe kwa darasa la kwanza lote, kila mtoto, ili asiwepo anayeitwa peke yake wenzake wakicheka. Kila anayekwama awe na ukurasa wake: anakosea nini, kimejaribiwa nini, lini. Na asihamishwe yeyote kabla mzazi hajaitwa na kuusoma ukurasa huo. Tuharakishe pia, kwa sababu Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inaishusha shule ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Anayekwama darasa la tatu atakuwa amebakiza nusu tu ya safari.

Mwalimu, Ngarenaro
Ukurasa huo naujaza saa ngapi, na nani atausoma? Daftari langu la mwaka jana lina majina na makosa ya kila mmoja. Liko kabatini. Mwalimu aliyewapokea hakuliomba, na simlaumu, naye ana mia zake.

Nitawaambia tunachokifanya, maana mmeandika mengi na mwenye njia ni mmoja. Siku tatu kwa wiki, baada ya vipindi, tunachanganya la pili na la tatu kwa saa moja. Hatuangalii umri wala darasa, tunaangalia mtoto ameishia wapi: wa herufi kule, wa silabi hapa, wa maneno chini ya mwembe, na wanaosoma hadithi wanajitegemea na mwalimu mmoja anapitapita. Mtoto akivuka anahama kundi hata katikati ya wiki, kwa hiyo hakuna kundi la wajinga la kudumu. Baba wa Wawili, mwanao angekuwa la juu, na hakuna silabi ya kumchosha. Wanaobaki palepale wiki hadi wiki ndio nawapeleka kwa mtaalamu, na hao ni wachache, hawajazi orodha ya mtu.

Baba wa Wawili, Njiro
Hilo nalikubali bila masharti. Ila saa moja baada ya vipindi mtoto ana njaa. Uji nani anapika?

Bibi wa Kiboriloni
Kupika tutapika sisi. Shida ni unga. Ukitaja mchango kikaoni wanakwambia Serikali imekataza.

Mzazi wa Pasua
Bibi, kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi na kumrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa mchango. Wa hiari unapitia kamati ya shule na kupata kibali. Mwalimu wa Ngarenaro, naomba uniandikie jinsi mnavyowapanga siku ya kwanza, unampa mtoto nini asome ili ujue aende kundi lipi. Nitampelekea mwalimu mkuu kabla orodha haijaondoka ofisini kwake.

Mwalimu, Ngarenaro
Herufi kumi bila mpangilio, silabi kumi bila mpangilio, maneno matano, kisha aya fupi ambayo hajawahi kuisikia. Anapokwama ndipo kundi lake. Kila mtoto dakika mbili, fanyeni walimu wote kwa pamoja siku moja. Na mtoto wako yule wa kukariri, usimpe kitabu chenye picha.