Kipimo cha VVU cha fizi: hasi mara tatu, asubuhi kikaonekana kivuli cha mstari

MhudumuMtaani

Habari za kazi wakuu. Hili ni la watu wa maabara na wa ushauri nasaha. Tangu sheria ya UKIMWI ya Tanzania irekebishwe 2019 kuruhusu mtu kujipima, vipimo vya fizi (OraQuick) vinagawiwa sana huku mtaani. Mafunzo yake yanaeleza namna ya kupima. Namna ya kumsaidia mtu asiyeamini jibu hayaigusi.

Mteja ni mwanaume. Tendo la ukeni mara moja, kondomu ilipasuka, hali ya mwenzake haijulikani. Amejipima siku ya 14, ya 27 na ya 41, zote hasi. Hicho cha siku ya 41 asubuhi alikitoa kwenye ndoo ya taka akaona kivuli cha mstari kwenye T, pale panapotokea mstari wa jibu chanya. Sasa hali wala halali, anaomba vipimo vingine vitatu. Je, mstari wa asubuhi una maana yoyote? Nimpe au nimnyime? Na aambiwe siku ya ngapi kwamba imetosha?

fundi_maabara

Mstari wa asubuhi si jibu, wala usiulinganishe na kitu. Kipimo hicho kinasomwa kuanzia dakika ya 20 hadi ya 40 tangu kifaa kiingie kwenye kichupa. Baada ya hapo karatasi ya ndani inakauka, rangi iliyobaki inasogea na kuganda popote, na kivuli kinaweza kutokea hata kwa mtu asiye na VVU. Kilichosomwa nje ya muda hakisomeki, kiwe na mstari au kisiwe nao.

Ila usigeuze kanuni hiyo kuwa ya kumbembeleza. Mstari wa T ukionekana NDANI ya dakika 20 hadi 40, hata uwe hafifu kama uzi wa buibui, huyo anahesabiwa kuwa na majibu ya kutiliwa shaka na aende kituoni siku hiyo hiyo. Kwa hiyo muulize: alitumia saa, au alikisia? Alisomea kwenye mwanga wa kutosha, au kwa tochi ya simu chini ya shuka? Watu wengi wanachungulia dakika ya tano, wanaona C (mstari wa kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi) peke yake, wanashukuru Mungu na kutupa.

Muulize pia alivyopangusa. Ni fizi ya juu mara moja upande mmoja hadi mwingine, kisha ya chini mara moja, kwa nje, pale meno yanapoota. Si ulimi, si shavu, si kaakaa. Asile wala kunywa dakika 15 kabla, na asitumie dawa ya meno wala ya kusukutua dakika 30 kabla. Kichupa kisimame kwenye kishikizo chake, kimiminika kisimwagwe, na kifaa kisichomolewe hadi wakati wa kusoma.

Mstari wa C wa kipimo hiki hutokea pale majimaji ya mwilini yanapokuwa yamefika kweli kwenye karatasi. Kwa hiyo C ikiwa wazi, hofu ya "labda sikupangusa vizuri" inapungua sana. C isipotokea, kipimo kimeharibika, na hakuna cha kusoma hapo hata kama T imejitokeza.

mtembezi77

Lakini si mnatuambia mate hayaambukizi? Kama virusi havimo humo, kipimo kinaona nini?

fundi_maabara

Kinaona kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya VVU. Hao wanachuruzika kidogo kupitia fizi, ndiyo maana tunapangusa fizi badala ya kutema mate. Kwenye fizi ni wachache kuliko kwenye damu, hivyo kipimo cha fizi huchelewa kugundua maambukizi mapya.

NasahaKwanza

Niingie kwenye siku. Kipimo cha siku ya 14 kilipotea bure. Cha 27 vilevile, karibu. Cha 41 kina uzito kiasi lakini hakifungi jambo. Kwa kipimo cha kingamwili, iwe fizi au tone la damu ya kidole, jibu la kufungia ni la siku 90 baada ya tukio. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipa kinachotafuta kingamwili pamoja na protini ya kirusi, p24, hutoa jibu la kuaminika kufikia siku ya 45. Kama hospitali ya mkoa wenu wanacho, mpeleke huko.

Halafu mpigie hesabu kwa karatasi na kalamu, kwa sababu mtu mwenye hofu haamini maneno. Makadirio yanayotumika Marekani kwa mwanaume katika tendo moja la ukeni bila kinga, na mwenzake ana VVU na hatumii dawa, ni kama 4 kati ya 10,000. Ni wastani; vidonda vya magonjwa ya zinaa vinaipandisha, na mwenzake angekuwa kwenye ARV na virusi havionekani kwenye damu, ingekuwa sifuri. Kipimo hiki kilipoidhinishwa kwa matumizi ya nyumbani Marekani mwaka 2012, ilielezwa kwamba kinaweza kumkosa mmoja kati ya watu 12 wenye VVU, na kumpa jibu chanya la uongo mmoja kati ya 5,000 wasio nao. Sasa tuseme mwenzake anao kweli, na siku ya 90 jibu ni hasi: sehemu ya 12 ya 4 kwa 10,000 ni mtu mmoja kati ya 30,000.

Vipimo vitatu zaidi? Usimpe. Kila kimoja kitamtuliza jioni moja, kesho yake ataanza kutilia shaka mwanga, kichupa, tarehe ya kuisha. Hata homa na vipele asivisome kama majibu, maana malaria na mafua vinafanana navyo.

Swali ulilosahau: alimeza dawa yoyote?

MhudumuMtaani

Nimemuuliza. Rafiki yake alimgawia vidonge vya ARV. Alianza siku ya pili, akameza vitano, akaacha.

NasahaKwanza

Hapo hesabu inabadilika. ARV zinaweza kuchelewesha kingamwili, ndiyo maana vipimo vya kujipima havimfai anayezitumia. Kwa usalama, hesabu siku 90 kutoka kidonge cha mwisho. Kilikuwa siku ya sita, basi tarehe yake ni siku ya 96. Aiandike.

Kesho aende kituoni, aseme vidonge alivyomeza, apimwe damu na magonjwa ya zinaa. Hadi siku ya 96 atumie kondomu. Na umwambie PEP halisi, yaani dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, huanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28 kamili chini ya mhudumu. Vidonge vitano vya kugawiwa si PEP, na rafiki naye amebaki na pengo kwenye dozi yake!

Kikitokea chanya wakati wowote, bado si hukumu. Kituoni watarudia kwa vipimo vya aina tofauti mfululizo kabla ya kumpa jibu.

MhudumuMtaani

Nimeelewa, asanteni. La mwisho: boksi la vipimo linakaa ofisi ya mtaa, paa la bati, hakuna feni.

fundi_maabara

Lihamishe leo. Vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30, na chini ya bati mchana joto linapita hapo. Zahanati yenye chumba cha dawa kilicho na kipimajoto watakuhifadhia. Vilivyokaa hapo usivigawe kabla ya kumuuliza mratibu wa UKIMWI wa wilaya.