UKOO WA MZEE NDAHANI (SI BIASHARA)

Jumapili

Shangazi Eliza 19:12
Bwana asifiwe ukoo. Neema karudi jana na SGR, yuko hapa kwangu Kisasa. Leo siku ya sita tangu wampige leza macho. Mwanga hautaki, machozi yanamtoka, na mimi ananiona kama nimejifunika chandarua. Tusikae kimya.

Shangazi Eliza 19:14
Nimeulizia virutubisho vya macho. Makopo matatu: vitamini A, mafuta ya samaki, luteini. Jumla 210,000. Tupo 14 humu, kila mtu 15,000. Mwisho kesho saa sita mchana. Namba ni ileile.

Shangazi Eliza 19:51
Tiki za bluu naziona.

Frank 19:53
Shikamoo shangazi. Ileile ya mashine? 😂

Shangazi Eliza 19:53
Frank usianze.

Da Rehema 20:05
Nimetuma 15,000. Pole mwanetu Neema.

Joyce 20:08
Shikamooni. Yale matone ya machozi ya bandia yameisha tangu mchana. Nimeulizia maduka mawili ya dawa hapa jirani hayapo, yale ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja.

Mjomba Yona 20:09
Machozi ya bandia! Si angekodi waliaji wa msibani wa kule kwetu, wana machozi ya kutosha

Frank 20:09
😂😂😂 wanalipwa kwa pilau

Mjomba Yona 20:10
Mmoja namfahamu hajawahi kukauka tangu 1987

Shangazi Eliza 20:22
Mnacheka na mtoto haoni. Waliotuma mpaka sasa: Rehema. Basi.

Happy Mpwapwa 21:55
Shikamooni wakubwa, ndio natoka zamu. Shangazi, kuna leza ile ya kukata kifuniko kwenye kioo cha mbele cha jicho na kukirudisha, hiyo kesho yake mtu anasoma gazeti. Neema siyo hiyo. Yeye walimchubua ngozi ya juu ya kioo cha jicho ndipo leza ikapita. Ngozi huota tena ndani ya siku chache, ndiyo maana jana wamemtoa lenzi ya kufunikia. Ila kuona kunatulia kwa wiki kadhaa, wengine miezi. Ukungu siku ya sita usiwatishe. Maumivu yakipanda ghafla, jicho likaiva, likatoa usaha au kuona kukashuka, hapo ni hospitali usiku uleule, msisubiri kikundi kijibu.

Shangazi Eliza 21:58
Kwa hiyo vitamini ni sumu? Mbona serikali inapitisha matone ya vitamini A kila Juni na Desemba?

Happy Mpwapwa 22:03
Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, shangazi. Neema ana miaka 27 😅 Vitamini A ikipungua kweli, kioo cha jicho hukauka mpaka kidonda. Lakini asiyepungukiwa ukimzidishia, inalundikana kwenye ini. Mpikie viazi lishe, mchicha, mlenda, dagaa. Unga wa ubuyu kwenye uji una vitamini C nyingi, na uko bure mashambani kwetu.

Frank 22:04
Ubuyu ule mwekundu wa pipi?

Happy Mpwapwa 22:04
Frank lala.

Shangazi Eliza 22:06
Na mafuta ya samaki? Yule dada anayeuza amesema yanaondoa ukavu wa macho.

Happy Mpwapwa 22:11
Marekani walipima watu 535 wenye macho makavu, matokeo yakatoka 2018. Wengine walikunywa mafuta ya samaki gramu 3 kwa siku mwaka mzima, wengine mafuta ya zeituni bila kujua. Nafuu ikalingana.

Mjomba Yona 22:12
Basi mpeni alizeti ya Singida, dumu ninalo

Baba Mdogo Amosi 22:30
Dada, mimi sichangii kitu mpaka nione daftari la mashine ya kusaga. Nilitoa 300,000 na ng'ombe.

Shangazi Eliza 22:31
Fundi alikula hela, Amosi. Ulikuwepo.

Baba Mdogo Amosi 22:31
Nilikuwepo siku ya kutoa. Siku ya kula sikualikwa.

Shangazi Eliza 22:33
*Ujumbe huu umefutwa*

Musa Mvumi 22:52
Babu ameniambia niandike anavyosema.
"Mbukwenyi. Eliza, mama yako kope zilipomgeukia ndani kwa vikope, kila ndugu alileta dawa yake. Mmoja majani, mwingine maji ya mizizi. Niliwaruhusu, maana walitoa bure na kwa upendo. Jicho la kushoto likafia mikononi mwetu. La kulia liliokolewa na waliomkata kope. Siku ya harusi yako alikugeuza uso akuone, unakumbuka. Neema asipewe kitu ambacho daktari wake hajakitaja. Mashine iacheni mpaka nife."

Da Rehema 23:40
Sawa baba.

Jumatatu

Shangazi Eliza 05:47
Nimekusikia baba. Sikulala.

Shangazi Eliza 05:50
Ila kopo moja nilishalichukua, 70,000, na yule dada harudishi hela. Rehema, yako imo humo.

Happy Mpwapwa 06:15
Usilifungue. Joyce, pigeni simu waliomfanyia, muulize mbadala wa yale matone. Yale mengine, ya kuzuia uvimbe, msiache hata siku moja bila kuambiwa, yanapunguzwa kidogokidogo. Na miwani ya jua akitoka nje, na vumbi hili la Dodoma asifikiche.

Mama Zawadi 06:31
Samahanini sikuwa na bando. Nani mgonjwa?

Baba Mdogo Amosi 07:02
Ya matone natuma mimi. Kwa Joyce, si namba ile.

Frank 07:10
Ijumaa anarudi Dar kuangaliwa. Nitamsindikiza bosi akikubali.

Shangazi Eliza 07:12
Akikataa?

Shangazi Eliza 09:30
Frank?

Shangazi Eliza 12:04
Kopo liko kabatini halijafunguliwa. Anayelitaka kwa 60,000 aje Kisasa.

Mjomba Yona 12:05
Dada soma jina la kikundi

Joyce 16:48
Hospitali wametaja matone mengine, yapo duka la mjini. Baba mdogo, bado haijaingia.