Opera za roki: nyimbo nazipenda, hadithi siishiki. Mnazifuataje?

Zumari

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mtu wa wimbo mmoja mmoja. Nikiupenda naurudia mpaka walio karibu wanune. Sasa rafiki yangu kanibana nisikilize The Wall ya Pink Floyd mwanzo mpaka mwisho, anasema ile ni opera ya roki, yaani albamu nzima ni hadithi moja, ya mtu mmoja. Nimeimaliza. Comfortably Numb nilikuwa naijua tangu zamani na bado naipenda. Ila hadithi imenipita pembeni: mara ndege ya vita, mara kichanga kinalia, mara mwalimu anafoka, mwishoni kuna mahakama. Huyo mshtakiwa kafanya nini hasa?

Nasikia zipo nyingine kama Tommy na Quadrophenia za The Who, na American Idiot ya Green Day. Mnazifuataje? Mnasoma maneno huku mnasikiliza? Na mimi wa kuanza nianze na ipi?

Kiitikio

Tafuta filamu, mkuu. The Wall ipo ya 1982, Tommy ya 1975, Quadrophenia ya 1979. Ukishatazama, albamu inakuwa nyepesi.

BesiNzito

Kiitikio, hapo unampoteza mwenzako. Kwenye albamu ya Tommy, baba anarudi kutoka vitani, anamkuta mkewe na mwanamume mwingine, anamuua yule mwanamume. Kwenye filamu anayekufa ni baba! Mtoto aliyeshuhudia baba akiua na mtoto aliyeshuhudia baba akiuawa si mtoto mmoja.

Zumari, nikuambie ninavyofanya mimi. Maneno nayaacha kwanza. Hadithi hizi ukizisimulia kwa mdomo mtupu nyingi ni nyembamba, na The Lamb Lies Down on Broadway ya Genesis (1974) mpaka leo sina uhakika kama kuna anayeweza kuisimulia akaeleweka. Kinachobeba hadithi ni melodi inayorudi. Ukiona umewahi kuisikia mahali, simama ujiulize mara ya kwanza ilikuwa inamhusu nani.

Chukua hiyo hiyo The Wall. Another Brick in the Wall, yaani tofali jingine ukutani, imo mara tatu. Ya kwanza ni ya chini chini, gitaa linadonoa noti ileile, na habari yenyewe ni baba aliyekufa vitani. Ya pili ndiyo ile ya kwaya ya watoto wa shule inayojulikana na kila mtu. Ya tatu ni fupi na imejaa hasira. Pink, ndiye mhusika, anasema hahitaji kitu wala mtu. Melodi ni moja, matofali ni matatu. Wimbo unaofuata anaaga, na hapo ukuta anaojizungushia kujitenga na watu umekamilika. Nusu nzima ya pili ya albamu yuko ndani peke yake.

Mahakama iko kichwani mwake. Kosa analosomewa ni kuonyesha hisia, na hukumu ni ukuta ubomolewe mbele ya watu. Roger Waters, mpiga besi na mtunzi wa Pink Floyd, alianza kuifikiria hadithi hii baada ya kumtemea mate shabiki kwenye onyesho la Montreal mwaka 1977, akajishangaa mwenyewe. Kwa hiyo anayeshtakiwa si wa kubuni kabisa.

Na hiyo Comfortably Numb unayoipenda, isikilize upya kwa sikio lingine. Beti anaimba Waters, naye ni daktari anayemhoji mgonjwa aliyezimia kabla ya onyesho. Sehemu ya kiitikio anaimba David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi, naye ni Pink anayejibu, ila jibu halimfikii daktari. Ni watu wawili ndani ya chumba kimoja wasiosikilizana, na hakuna aliyelazimika kutuambia hivyo.

Kiitikio

Sawa, hapo kwenye daktari umenipata. Ila anayeanza anataka kujua nani anasema. Ndiyo maana mimi ningempa Jesus Christ Superstar. Ilitoka kama albamu 1970, jukwaa la Broadway likafuata 1971. Kila mhusika ana mwimbaji wake: Ian Gillan wa Deep Purple ni Yesu, Murray Head ni Yuda, Yvonne Elliman ni Maria Magdalena. Na hadithi anaijua tayari.

BesiNzito

Kwa shida ya "nani anasema", nakubali, hakuna iliyo rahisi kuliko hiyo. Au The Human Equation ya Ayreon (2004): mtu yuko kwenye koma, hana fahamu, kila wimbo ni siku moja, na hofu yake, hasira yake, mapenzi yake, kila kimoja kina mwimbaji wake. Sema kwangu huo ni mchezo wa kuigiza uliopigwa gitaa. Ninachokipenda mimi ni pale vyombo vyenyewe vinaposimulia.

Ndiyo maana ningemwanzisha na Quadrophenia ya The Who, 1973. Jimmy ni kijana wa London, mmoja wa wale Mods wa miaka ya sitini, suti na skuta, na ndani yake kuna watu wanne. Pete Townshend, mpiga gitaa na mtunzi wa The Who, akampa kila mwanabendi sura moja ya Jimmy na melodi yake. Wimbo wa kwanza ni mawimbi ya bahari, na ndani ya mawimbi melodi zote nne zinapita kwa mbali, moja moja. Wengi wanadhani ni kelele za kufungulia, wanaruka. Usiruke!

Kisha Jimmy anapoteza kila kitu, anapanda treni kwenda Brighton, mji wa pwani. Huko anamkuta yule kinara wa Mods aliyekuwa anamhusudu, sasa anabeba mizigo ya wageni hotelini. Sehemu ya huyo mbeba mizigo anaimba Keith Moon, mpiga ngoma, kwa sauti ya kihuni inayochekesha kidogo, na kuchekesha huko ndiko kunakouma. Karibu na mwisho kuna The Rock, hauna hata neno. Melodi nne zinakuja kwa zamu, halafu zinaanza kupandana mpaka zinalia pamoja. Usipozishika kule kwenye mawimbi, hapa utasikia bendi inapiga tu.

Zima uchezaji wa kuchanganya, na hakikisha simu haiweki kimya kati ya wimbo na wimbo.

Zumari

Nimewaelewa. Naanza na Quadrophenia, halafu narudi kwa daktari wangu. American Idiot je? Na huyo Tommy anaponaje?

BesiNzito

American Idiot (2004) iache iende yenyewe, itakubeba. Jesus of Suburbia ni dakika tisa za vipande vitano vilivyounganishwa. Ila mhusika aitwaye St. Jimmy anapofika, jiulize kama kweli ni mtu mwingine au ni mhusika mkuu yule yule.

Tommy haoni, hasikii, hasemi, anatazama kioo tu. Mama anakivunja kioo, Tommy anapona. Anageuka kiongozi wa dini, wafuasi wanazibwa macho, masikio na mdomo wacheze pinboli, ule mchezo wa mashine aliokuwa bingwa wake, kama yeye, wanaasi, wanaondoka. Na hapo inarudi ile melodi aliyokuwa akiiimba ndani kwa ndani alipokuwa mgonjwa, neno kwa neno. Mimi nasema amerudi kule kule alikotoka. Kiitikio najua atapinga.

Kiitikio

Napinga. Hiyo melodi inadumu muda mfupi tu, halafu inaingia sehemu ya Listening to You, sauti nyingi pamoja, inapanda na kupanda. Mtu aliyejifungia haimbiwi na umati.

BesiNzito

Umati upi, na wote wameshaondoka?